Ngazi ya Kijivu: Picha ya Zamani na Mashine ya Rohero

Bibi yangu ana picha moja tu ya kaka yake. Ni picha nyeusi na nyeupe, ndogo kama kiganja cha mtoto, na imekunjika katikati. Ilipigwa studio hapa mjini wakati mji ungali ukiitwa Usumbura, yaani kabla ya uhuru wa tarehe 1 Julai 1962. Kijana amesimama mbele ya pazia, amevaa shati jeupe lililofungwa vifungo mpaka shingoni, anatazama mbele moja kwa moja. Baadaye akawa mwalimu. Mwezi Mei 1972 alichukuliwa shuleni pamoja na walimu wenzake, na tangu siku hiyo hakuna aliyeleta habari zake. Hakuzikwa na watu wake, na kwa miaka mingi familia haikuthubutu hata kumlilia hadharani.

Mwaka jana wazee wa ukoo waliamua kwamba sasa yatosha. Wakapanga siku ya kumaliza matanga, shughuli ambayo sisi Warundi huiita kuganduka. Mimi, kwa kuwa ndiye mwanafunzi wa nyumba na ndiye ninayejua kompyuta, nikapewa kazi ya kukuza picha ile ili iwekwe mezani mbele ya watu. Nilidhani ni kazi ya dakika kumi. Ilinichukua wiki tatu, na ikanifundisha historia ambayo sikuwahi kuisikia darasani. Katika insha hii nitaeleza historia hiyo: jinsi watu walivyojifunza kupima kijivu kilicho kati ya nyeusi na nyeupe, walikipima kwa kutazama uso wa nani, na kwa nini jambo hilo linatuhusu sisi tunaochapisha picha za wazee wetu kwa mashine za kidijitali.

Nianze na karatasi ya kwanza. Rohero ndiyo kitovu cha Bujumbura. Wakati wa Wabelgiji lilikuwa eneo la Wazungu na la ofisi za serikali, huku Waafrika wa mjini wakiishi hasa Buyenzi na Bwiza. Leo mtu yeyote anakwenda Rohero kwa shughuli zake: benki, shule, Kanisa Kuu la Regina Mundi, na vile vyumba vidogo vya kupiga fotokopi na kuchapa barua ambavyo sisi huviita sekretariati. Niliingia katika chumba kimoja cha namna hiyo. Kijana wa pale aliiweka picha kwenye skana, akabonyeza kitufe cha kurekebisha chenyewe, kisha akaichapa kwenye karatasi ya kawaida ya gramu 80 kwa printa ya leza.

Shati lilitoka safi. Pazia lilitoka vizuri, mpaka mikunjo yake ilionekana. Uso haukutoka. Palipokuwa na uso palikuwa na doa jeusi, bila macho, bila pua, isipokuwa nukta moja ya mwanga kwenye paji.

"Kaka, mbona uso hauonekani?" nikamwuliza.

"Picha ni ya zamani," akajibu, "na yeye mwenyewe alikuwa mweusi."

Niliibeba karatasi mpaka nyumbani. Bibi aliitazama kidogo, akaigeuza kifudifudi juu ya mkeka, akaniomba nimrudishie ile ndogo. Hakusema neno jingine. Nami nilipoishika ile ndogo karibu na dirisha, niliona kila kitu: macho, mashavu, hata tabasamu alilokuwa akilizuia. Basi weusi ule haukuwa wa mtu, wala haukuwa wa picha. Uliingia njiani, kati ya picha na karatasi. Nikataka kujua umeingia wapi.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba picha haijawahi kuona kama jicho linavyoona. Dawa za picha za karne ya 19 ziliona mwanga wa buluu na wa zambarau tu. Mwanga mwekundu hazikuuona kabisa, na ndiyo maana mafundi waliweza kufanya kazi katika chumba cha giza chenye taa nyekundu bila kuharibu picha. Mwaka 1873 Mjerumani Hermann Wilhelm Vogel aligundua kwamba ukichanganya dawa hiyo na rangi fulani, huanza kuona pia kijani. Mabamba ya kioo yenye kuona rangi zote, pamoja na nyekundu, yalianza kuuzwa Uingereza mwaka 1906, na hata baada ya hapo yale ya zamani yaliendelea kutumika kwa miaka mingi.

Sasa fikiria ngozi ya kahawia mbele ya bamba lisiloona wekundu. Ngozi yetu hurudisha mwanga mwekundu kwa wingi na wa buluu kwa uchache. Bamba hilo linapokea ule uchache tu. Matokeo yake uso unatoka mweusi kuliko mtu aliyesimama pale alivyouona. Ngozi ya Mzungu nayo ina wekundu wake, lakini hurudisha buluu ya kutosha, hivyo hasara yake ni ndogo. Hapo kabla fundi hajagusa chochote, dawa yenyewe ilikwishaamua nani aonekane vizuri na nani apungue.

Historia ya nchi yetu imepita katika mlango huo. Hans Meyer, yuleyule aliyefika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889, alisafiri Burundi mwaka 1911 na kuchapisha kitabu chake *Die Barundi* mjini Leipzig mwaka 1916, mwaka uleule Wabelgiji walipoitwaa nchi kutoka kwa Wajerumani. Kitabu hicho, kama vingine vya enzi zile, kina picha za watu wetu. Anayetazama picha za vitabu vya wakati huo hana budi kukumbuka kwamba kati yake na mtu aliyepigwa picha wamesimama watatu: jua la mchana, bamba, na mchapaji wa Ulaya ambaye hakuwahi kumwona mtu huyo. Tukiona nguo inang'aa na uso umezama, tusiseme haraka kwamba ndivyo walivyokuwa.

Jambo la pili ni kwamba kijivu kinapimika. Mwaka 1890 wanaume wawili waliokuwa wakifanya kazi katika viwanda vya kemikali mjini Widnes, Uingereza, Ferdinand Hurter na Vero Charles Driffield, walichapisha utafiti wao juu ya picha. Kabla yao mpiga picha alifanya kazi kwa mazoea na bahati. Wao walimulika bamba kwa viwango vya mwanga vinavyojulikana, wakapima weusi uliotokea, wakachora mstari. Weusi waliupima kwa namba: sehemu inayopitisha au kurudisha mwanga sehemu moja ya kumi ina uzito wa 1, na ile ya sehemu moja ya mia ina uzito wa 2.

Mstari wao haukuwa mnyoofu. Wapiga picha huulinganisha na mwili: chini kuna mguu, katikati mgongo, juu bega. Kwenye mgongo, kila tofauti ya mwanga huleta tofauti ya kijivu. Mguuni na begani tofauti hubanwa, vitu viwili visivyofanana vikatoka kama kimoja. Nilipousoma mstari huo nilielewa kilichonipata Rohero. Shati la kaka yake bibi lilikuwa mahali pazuri pa mstari. Uso wake ulikuwa umesukumwa mpaka pale ambapo kila kitu hubanwa pamoja.

Lakini kwa nini ulisukumwa hata huko, ilhali kwenye picha ndogo unaonekana? Jibu la swali hili sikulipata kitabuni. Mwalimu wetu alinielekeza kwa mzee mmoja wa Buyenzi aliyestaafu kazi ya uchapaji. Alinipa kioo cha kukuzia na kipande cha gazeti la zamani, akasema: "Mjukuu wangu, nionyeshe kijivu kiko wapi."

Nilitafuta, sikukiona. Kulikuwa na nukta nyeusi tu kwenye karatasi nyeupe, nyingine nene, nyingine nyembamba. Mashine ya uchapaji haina wino wa kijivu. Ina nyeusi, na karatasi ina nyeupe yake, basi. Jicho likiwa mbali ndilo linalochanganya. Ufundi huo ulianza kuonekana magazetini tarehe 4 Machi 1880, gazeti la *The Daily Graphic* la New York lilipochapisha picha ya mtaa wa mabanda kwa njia ya namna hiyo, na mwaka 1882 Georg Meisenbach wa Munich akapata hati ya ugunduzi kwa njia yake ya nukta. Kabla ya hapo picha ilibidi ichongwe upya kwa mkono ili iweze kuchapwa pamoja na maandishi.

"Tatizo," mzee akaendelea, "wino haukai pale ulipouweka." Nukta ikigusa karatasi huvimba. Karatasi hunywa wino, mtambo hubana, na nukta iliyokusudiwa kufunika nusu ya nafasi hufunika zaidi. Kwenye magazeti hali hii inajulikana kiasi kwamba kanuni ya kimataifa imeiwekea kipimo: sehemu ya asilimia 50 huhesabiwa kuvimba kwa asilimia 26 hivi, yaani unaomba nusu na unapata robo tatu. Katikati ya picha uvimbe huo hutia giza tu. Kwenye vivuli huua. Pale ambapo nukta zilikuwa zimefunika asilimia 80 au 85, kilichobaki ni vitundu vyeupe vidogo, na nukta zikivimba vitundu hivyo huzibwa.

"Ukifika kwenye giza," mzee akasema, "usitunze nukta nyeusi. Tunza kitundu cheupe."

Nililiandika neno hilo kwenye daftari, na ndilo lililoniongoza kuliko yote niliyosoma.

Jambo la tatu ni swali la kipimo chenyewe. Ukiwa na ngazi ya kijivu, lazima useme kitu gani kinasimama kwenye kidato gani. Mwishoni mwa miaka ya 1930 na mwanzoni mwa 1940, Wamarekani Ansel Adams na Fred Archer, waliokuwa wakifundisha upigaji picha Los Angeles, walitengeneza ngazi ya vidato 11, kuanzia 0, ambayo ni nyeusi tupu, hadi 10, ambayo ni nyeupe ya karatasi. Kidato cha 5 ni kijivu cha katikati, kinachorudisha asilimia 18 ya mwanga. Katika mafundisho yao ngozi ya Mzungu iliyo katika mwanga huwekwa kidato cha 6. Mwanafunzi aliyefundishwa hivyo akipiga picha uso wowote na kuuweka hapo bila kufikiri, atakosea. Na mashine iliyotengenezwa kwa matarajio hayo itakosea bila hata kujua kwamba imekosea.

Kampuni ya Kodak nayo ilisambaza kwenye maabara za picha za rangi kadi za kusawazishia zenye sura ya mwanamke Mzungu. Fundi alirekebisha mashine mpaka mwanamke yule atoke vizuri, na kazi ikahesabiwa imekamilika. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada ameeleza kwamba malalamiko yaliyosukuma kampuni hiyo kuboresha rangi za kahawia yalitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao hazikuonekana sawasawa. Nilipolisoma hilo nilicheka, kisha nikaacha kucheka.

Hata hivyo, si kwamba nyuso zetu hazijawahi kupata fundi wa kuzijua. Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Mombasa, N. V. Parekh alipiga picha za wakazi wa pwani kuanzia miaka ya 1940. Bamako, Seydou Keïta alifungua studio yake mwaka 1948. Hawa walikuwa na msahihishaji mkali kuliko kipimo chochote: mteja mwenyewe. Mtu aliyevaa nguo yake ya sikukuu na kulipa pesa yake asingekubali kupewa picha isiyo na macho. Fundi aliyepiga picha ya kaka yake bibi, jina lake silijui, alikuwa wa kundi hilo. Aliujua uso wa mteja wake, akautafutia kijivu chake. Ndiyo maana picha ndogo inaonekana.

Habari ya Keïta ina funzo jingine. Picha alizowapa wateja wake zilikuwa ndogo na laini, zenye kijivu kingi. Miaka ya 1990, zilipochukuliwa Ulaya na Marekani kwa maonyesho, zilichapwa upya kwa ukubwa wa kujaza ukuta, tena kwa ukali: nyeupe ikawa nyeupe sana, ngozi ikawa nyeusi sana. Negativu ni zilezile, watu ni walewale, lakini aliyeziona Paris hakuona kile alichokiona mteja wa Bamako. Kuchapa upya si kunakili. Ni kuamua tena.

Sasa nifike kwenye kompyuta, maana hapo ndipo wengi wetu hudhani maamuzi yamekwisha na hesabu imeshika kazi. Mwaka 1957, katika taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, Russell Kirsch na wenzake waliingiza picha ya kwanza kwenye kompyuta. Ilikuwa picha ya mwanawe mchanga, yenye pikseli 176 kwa 176. Skana yao ilijua mambo mawili tu, nyeusi au nyeupe. Ili kupata kijivu walilazimika kuisoma picha mara kadhaa kwa viwango tofauti na kuunganisha matokeo. Siku hizi picha ya kawaida ya kijivu ina ngazi 256, kutoka 0 ya nyeusi hadi 255 ya nyeupe, na mtu akisikia 256 huona ni nyingi za kutosha.

Lakini printa ya leza haijaondoka kwenye ulimwengu wa yule mzee wa Buyenzi. Ina tona nyeusi tu. Printa za leza za ofisini zilizoenea kuanzia mwaka 1984 zilikuwa na nukta 300 kwa inchi. Ukitaka kuchapa picha kwa mistari 60 kwa inchi, kila kijivu kinatengenezwa ndani ya kiboksi cha nukta 5 kwa 5. Hizo ni nukta 25, na ukiongeza nyeupe tupu unapata ngazi 26 tu. Printa ya nukta 600 hupata kiboksi cha 10 kwa 10, yaani ngazi 101. Kompyuta ilikuwa imebeba ngazi 256, mlango wa kutokea una 101, na tona nayo huvimba kama wino. Kitufe cha kurekebisha chenyewe hakijui lolote kati ya hayo. Kinatafuta penye giza zaidi na penye mwanga zaidi, kinavuta pande zote mbili, kisha kinanyamaza.

Baada ya kuelewa hivyo nilirudi Rohero. Nilimwomba kaka yule azime marekebisho yote ya skana na ya printa, pamoja na ile hali ya kuokoa tona. Nilikuwa nimetengeneza ngazi ya vipande 21, kutoka asilimia 0 hadi 100, kila kimoja kikizidi kilichotangulia kwa 5. Tukaichapa. Kwenye kioo cha kompyuta vipande vyote vilionekana. Kwenye karatasi, kuanzia 75 kwenda juu, vipande sita vya mwisho vilikuwa kipande kimoja cheusi.

Kisha nikapima picha yenyewe kwenye kompyuta. Uso mzima, paji, mashavu na macho, ulikuwa kati ya namba 20 na 64. Kwa hesabu ya weusi hiyo ni asilimia 75 hadi 92. Yaani uso wote ulikuwa ndani ya vile vipande sita vilivyokufa. Kaka yule alinitazama nikihesabu, akasema polepole, "Kumbe si picha." Tangu hapo akawa mwenzangu katika kazi.

Densitomita hatukuwa nayo. Tulitumia skana kama kipimo. Skana nayo ina upendeleo wake, lakini kama picha ya asili na karatasi iliyochapwa zote zinapita chini ya jicho lilelile, kwa mipangilio ileile, kulinganisha kunakuwa kwa haki. Tuliisoma ngazi iliyochapwa, kipande kwa kipande, tukaandika tulichoomba na tulichopata. Tulipoomba 50 tulipata 70 hivi. Tukaigeuza hesabu: ili kupata 50 tutume 33 hivi, ili kupata 75 tutume 54, ili kupata 92 tutume 70. Tukauchora mstari huo katika programu ya bure ya GIMP, tukachapa ngazi tena. Safari hii vidato vilipanda kimoja baada ya kingine mpaka karibu na mwisho.

Karatasi ya pili ya picha ilirudisha uso, lakini mimi nilikuwa na hamu nyingi. Niliongeza mwanga juu ya ule mstari, nikasema aonekane zaidi. Akatoka mtu wa majivu. Alikuwa na macho na pua, lakini ngozi haikuwa ngozi. Hapo nilijifunza kwamba kumng'arisha mtu kupita kiasi nako ni kumpoteza. Kusawazisha kijivu si kumfanya mtu mweusi awe mweupe, ni kuhakikisha kwamba tofauti zote zilizomo usoni mwake zinafika kwenye karatasi zikiwa katika giza lake mwenyewe. Tuliiweka picha ya asili kando ya karatasi, dirishani, kwa mwanga wa mchana na si chini ya taa ya dukani, tukarudi nyuma kidogo kidogo.

Halafu tona ikaisha. Ikawekwa nyingine, na ngazi yetu yote ikabadilika. Tukaanza upya. Mtu asidhani kwamba mashine ikisawazishwa imesawazishwa milele. Kipimo ni cha printa hii, karatasi hii na tona hii, na hata karatasi iliyokaa wazi katika unyevu wa masika hunywa tofauti na ile iliyofunguliwa leo.

Karatasi ya tatu niliiona nzuri. Nilikuwa nimeondoa mkunjo wa katikati, na pamoja nao mikwaruzo yote. Kwa fahari nikampelekea bibi. Aliitazama kwa muda mrefu. Aligusa mashavu, akagusa mdomo, kisha akaweka kidole juu ya jicho la kushoto.

"Jiwe lake umelipeleka wapi?" akaniuliza.

Sikuelewa. Akanieleza kwamba walipokuwa watoto wakichunga mbuzi, yeye mwenyewe alimrushia kaka yake jiwe, likampasua juu ya nyusi, na kovu lake halikuondoka. Nikakumbuka ule mstari mwembamba. Kwenye karatasi ya kwanza haukuwepo kabisa, ulikuwa umezama ndani ya doa. Vivuli vilipofunguka ulijitokeza, nami nikauhesabu kuwa mkwaruzo, nikaufuta. Mashine ilimfuta kwa kutokujua, mimi nikamfuta kwa kujiona fundi.

Nilirudi Rohero siku ileile. Karatasi ya nne ina kovu lake, na nimeuacha pia mkunjo wa katikati, kwa sababu nao ni historia: picha ile ilikunjwa ili iweze kufichwa. Siku ya kuganduka ilisimama mezani, ndani ya fremu, kati ya mishumaa miwili. Bibi aliketi mbele yake, na wazee waliomfahamu mwalimu yule walipita mmoja mmoja. Wengi waligusa nyusi ya kushoto.

Kwa kumalizia, nataka kusema kwa nini naiita habari hii historia na si ufundi tu. Kila mwaka tarehe 13 Oktoba tunamkumbuka Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeuawa mjini humu mwaka 1961 akiwa na umri wa miaka 29. Picha zake za wakati huo tunazozijua sana ni nyeusi na nyeupe, na kila nakala ya nakala inayopigwa fotokopi hula kitu usoni mwake. Yeye ana picha nyingi, na sanamu yake ipo, hivyo hatapotea. Lakini wengine wana picha moja tu. Tume ya Ukweli na Maridhiano ilipofukua makaburi ya halaiki Karuzi mwaka 2020 na kupata mabaki ya zaidi ya watu 6,000, baadhi yao walitambuliwa kwa nguo, miwani na rozari. Mahali ambapo mtu hutambuliwa kwa miwani, kovu juu ya nyusi si jambo dogo.

Basi ushauri wangu kwa wanafunzi wenzangu ni mfupi. Ukiwa na picha ya zamani, isome kwenye skana bila marekebisho na uihifadhi hivyo. Kabla ya kuichapa, chapa ngazi. Ukiona doa, usikubali kuambiwa kwamba mtu alikuwa mweusi. Na kabla ya kufuta mkwaruzo wowote, mwulize anayemkumbuka.

Nyuma ya karatasi ya nne nimeandika jina lake, mahali na mwaka ilipochapwa, na nimebandika kipande cha ngazi ya vidato 21. Atakayeichapa tena baada yangu ajue nilianzia wapi.